Pingili ya Tano

Leocadio amemwaga sanduku zima juu ya kaunta,
vibanio vya shingo ya gitaa, vya kila ukoo:
vya mpira, vya skrubu, vya chuma kinachong'aa kama jino la bandia.
"Chagua," anasema, anairudia randa yake.
Nje, Lebrija imelala mchana,
na mbwa mmoja tu anabishana na joto.

Najaribu cha springi. Tap! Mkono mmoja, kazi imekwisha.
Ndicho wakipendacho vijana wa Seville
wanaohama pingili katikati ya wimbo kama wanaobadili gia.
Lakini kinakaba, na nyuzi zangu hazitaki kukabwa:
zinapanda, robo ya unywele,
na robo ya unywele, kwa sikio la Eduvigis,
ni safari ya siku mbili.

Cha mpira kimechoka kabla ya kununuliwa.

"Nyuzi zako zina nini?"
Hakuinua kichwa. Amesikia.
Aliyechonga shingo za gitaa miaka arobaini
huusikia uzi uliolegea kama mama amsikiavyo
mtoto anayejifanya amelala.
"Nimezishusha sauti nzima."
"Kwa nini?"
Nikaanza kuvipanga vibanio kwa ukubwa.

Kwa nini.
Kwa sababu Eduvigis, tangu nimfahamu, huvuta kiti
akasema neno moja: "Tano."
Nami nabana pingili ya tano, klabu nzima ikiona.
Huku kwetu namba hiyo ni cheo:
wazee wa meza ya mbele huitazama shingo ya gitaa
kabla ya kumtazama mwimbaji.
Kisha, baridi iliyopita, kwenye ubatizo wa mjukuu wa Fermín,
sauti yake ilifika mlangoni mwa noti ya juu,
ikabisha hodi,
haikufunguliwa.
Watu walipiga makofi mapema mno.

Wiki iliyofuata: "Tano."
Nikaomba udhuru, nikaingia chooni na gitaa,
nikazilegeza zote sita, mmoja mmoja,
kama anayemfungua mkanda mtu aliyezimia.
Nikarudi, nikabana tano. Macho yakaona tano.
Iliyotoka ilikuwa tatu.
Aliimba, akafika, na meza ya mbele ikatikisa vichwa:
"Bado yumo."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha.
Ya sauti, mpiga gitaa.

Leocadio anaweka randa chini, anavuta droo
iliyokwama, anaipiga goti, inafunguka.
Kijiti cha mpingo, urefu wa kidole,
ngozi chini yake, uzi mmoja wa kukifunga,
na kigingi kama vile vya fidla.
"Hiki hakikabi. Unazungusha mpaka nyuzi zikubali. Halafu unaacha."
Nauliza bei. Anataja ya mpira.
Wala hakuuliza tena kwa nini.

Jumamosi, Eduvigis anavuta kiti,
ananyoosha sketi magotini, anakiona kigeni hicho,
anakigusa kwa ukucha.
Kisha jambo ambalo hajawahi kulifanya:
anaubonyeza uzi mnene, kidogo tu,
kama mtu anayepima nyanya sokoni.
Uzi unabonyea.

"Nne," anasema, kwa sauti ya kusikika.

Meza ya mbele, glasi zimesimama hewani.
Nami nimeshika kigingi, nimeganda:
nne ya nani? Ile ya kweli, iliyo juu ya uwongo wangu,
ambayo lazima niipandie mpaka sita?
Au nne hii, inayoonekana?

Anainama kama anayeokota kitu.
Ananukia anisi na sabuni ya kufulia.
"Yetu," ananong'ona. "Unadhani miezi yote hii
nilikuwa naimba kwa macho?"

Nalegeza. Nakisogeza nyuma, pingili moja.
Robo mzunguko.
Naacha.